Kabla ya Kukubali Kisu Mkononi



Mkono ni amana. Kwa mkono tunatawadha, tunakanda unga, tunawaogesha watoto na kuwashika wazee wetu. Kwa hivyo sisi, watu wa pwani ambao riziki imetuweka Kitale, tuliingiwa na wasiwasi mama yetu aliyeko Bungoma alipotueleza kuwa kidole gumba cha mkono wake wa kulia kinanasa. Kila alfajiri alikikuta kimejikunja, na kukinyoosha kulimtoa machozi. Ikafika hadi kuvuta tasbihi kukawa taabu.

Maradhi haya yanajulikana. Kano inayokunja kidole hupita ndani ya ala nyembamba. Ala ikinenepa, kano hukwama. Huwapata zaidi wanawake, na wenye kisukari kama mama yetu. Si kila mgonjwa huhitaji kisu: wapo wanaopona kwa kukipumzisha kidole, na wapo wanaopona kwa sindano ya kupunguza uvimbe. Hata hivyo, katika zahanati moja mama alitakiwa apasuliwe siku ile ile, bila kupimwa sukari wala kuelezwa njia nyingine. Tukamsihi asubiri, tukapanda matatu kupitia Webuye kumfuata.

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Kiganja hutiwa ganzi, mgonjwa akawa macho, na mara nyingi kazi huisha kabla ya nusu saa. Lakini mishipa ya fahamu ya kidole gumba hupita karibu mno na ngozi, pale pale panapokatwa. Ikijeruhiwa, kidole chaweza kubaki na ganzi daima. Udogo wa kidonda, basi, haupunguzi ustadi unaohitajika. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayejitia kutibu hali hajulikani kwa elimu ya tiba, hubeba dhamana ya madhara yake.

Tuliandika maswali machache. Je, daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na leseni yake, ambayo huhuishwa kila mwaka, ingali hai? Je, ni bingwa wa upasuaji au wa mifupa? Upasuaji huu wa mkono huufanya mara kwa mara? Atakayeshika kisu ni yeye mwenyewe? Kidonda kikiharibika usiku, tumpate wapi? Na gharama yote ni kiasi gani?

Mama hakupendezwa. "Wanangu, daktari hahojiwi kama mshtakiwa." Tukamjibu, "Mama, tutauliza kwa adabu." Bingwa tuliyemwendea hakukasirika. Alichora kano kwenye karatasi, akaanza kwa sindano, akatuonya kuwa sukari ingepanda kwa siku kadhaa. Maumivu yaliporudi baada ya miezi miwili, ndipo alipopasua.

Uponyaji ulikuwa kazi ya nyumba nzima. Mama hakuzoea kukaa akitazama wengine wakipika, lakini wifi yetu alishika jiko, na wajukuu wakafua. Mkono uliinuliwa juu ya mto, kidonda hakikuguswa maji, na kidole kilichezeshwa taratibu kila siku, kama tulivyoelekezwa, kisikakamae. Nyuzi zilitolewa siku ya kumi na mbili.

Kilichomkera zaidi ni udhu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mwenye bandeji huosha sehemu zilizo nzima, hupangusa juu ya bandeji kwa maji, na hutayamamu. Hukumu ya kuzirudia sala hutegemea hali ya mgonjwa, hivyo ni vyema sheikh aulizwe mapema, kabla ya siku ya upasuaji.

Mwenye kuona uvimbe unaozidi, usaha, homa au ganzi isiyoondoka, asingoje siku ya miadi. Arudi kwa daktari mara moja.

Leo mama anakanda unga wake mwenyewe. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, na awape waganga wetu elimu na uaminifu. Amin.