Ufipa: Matuta, Malungu na Njia ya Umeme

Msafiri aiachaye Tunduma, mji wa mpakani wenye kelele za malori, na kuishika njia ya kaskazini-magharibi kwenda Sumbawanga, ana mwendo wa kilomita 220 hivi mbele yake. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kutia shaka. Wakati wa masika abiria walipanda basi bila kujua watalala wapi, na koleo ya kukwamulia magurudumu ilikuwa mali ya thamani kuliko shehena. Barabara ya lami, iliyojengwa kwa fedha za mkataba wa Marekani ulioanza mwaka 2008, imeifupisha njia hiyo. Leo abiria hupita Laela na Mpui akiwa ameegemea kiti, macho yakitembea juu ya nchi ya nyasi na upepo, ambayo miti yake ni ya kuhesabika.

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Maziwa yote mawili yako karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, hali mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800. Upande wa Rukwa nchi hukatika ghafula kwenye ukingo mrefu uitwao Lyamba lya Mfipa, na mtu asimamaye juu yake huliona bonde chini kama aliyepanda ghorofa. Ndiyo sababu mgeni wa pwani hushuka kwenye basi akiulizia sweta kabla ya kuulizia chakula. Jina la mji, wenyeji husema, maana yake ni "tupa uchawi": ajaye na aje, lakini alichokificha akiache nje. Ni onyo jema kwa kila mgeni, na tutalirudia kabla ya kuagana.

Chakula cha mwakani

Mwezi Machi, mvua zinapokaribia ukingoni, mashamba ya Ufipa humshangaza asiyeyajua. Huona vilima vidogo vya duara, mamia kwa mamia, vimejipanga uwandani kama vyungu vilivyofunikwa. Tulisimama mahali na kumwamkia bibi mmoja aliyekuwa na jembe mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmetoka mbali?"

"Tumetoka Dar es Salaam, bibi. Tunauliza, mbona shamba hili limejaa vilima vitupu?"

Alicheka. "Vitupu? Humo ndani mna chakula cha mwakani."

Hiyo ndiyo intumba, elimu ya kilimo ya Wafipa. Katika nchi isiyo na miti ya kukata na kuchoma ili kupata majivu, mkulima hukusanya nyasi, huzifunika kwa udongo, na kuziacha zioze. Msimu ufuatao tuta huvunjwa, udongo ulionona hutawanywa, na ulezi au mahindi hupandwa. Juu ya tuta lenyewe waweza kuota maharage. Mpita njia huona udongo. Mwenye shamba huona ghala.

Maneno ya bibi yule yalitufuata hadi Sumbawanga, kwa sababu katika nchi hii ya matuta umepangwa kupita mradi mkubwa wa umeme. Kila mradi wa namna hiyo hutanguliwa na mtu mwenye daftari, na swali kubwa ni kama mtu huyo anajua kuliona ghala mahali ambapo wengine huona udongo.

Nishati ya mababu

Nishati si jambo geni Ufipa. Katika sehemu mbalimbali za uwanda huu yamesalia malungu, matanuri marefu ya udongo ambayo mababu waliyeyushia mawe ya chuma. Lungu moja laweza kufikia mita 3 hivi kwenda juu. Halikuvukutwa kwa mikono. Lilivuta upepo lenyewe kupitia matundu ya chini, na moto wake ulilishwa makaa ya miti. Kazi hiyo ilikuwa na fundi wake mkuu, miiko yake na ushirika wake, nayo ilidumu hadi karne ya 20, ambapo majembe ya kiwandani yaliizima. Wako wataalamu wanaodhani kwamba hamu ya makaa ilichangia kuuacha uwanda huu bila miti. Ikiwa ni hivyo, basi Ufipa imekwisha kujifunza kwamba kila nishati ina gharama yake, na kwamba mlipaji wa gharama huenda asiwe yule aliyeota moto.

Umeme wa zama zetu ulifika Sumbawanga kwa mzunguko. Kwa miaka mingi mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974, ulikuwa mbali na gridi ya Taifa, na mji ukanunua umeme kutoka Zambia kupitia Mbala. Ili kuukata upweke huo ulibuniwa mradi wa kuunganisha Tanzania na Zambia, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2018, wakishiriki pia Wafaransa na Umoja wa Ulaya. Ni njia ya kilovolti 400, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, iliyopangwa kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga. Faida yake haina ubishi: viwanda vya kusaga nafaka, wodi za hospitali, madarasa na mashine za kuchomelea, vyote vinauhitaji umeme usiokatika.

Lakini njia ya kilovolti 400 haipiti hewani peke yake. Minara huchimbiwa ardhini, na chini ya nyaya huachwa mkuza, yaani ukanda ambao hapajengwi nyumba wala hapaoteshwi miti mirefu. Mkuza huo ni shamba la mtu, kaburi la mtu, au mwembe wa mtu.

Daftari la mthamini

Sheria zetu hazikulisahau jambo hili. Katiba, ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na inakataza kumnyang'anya bila fidia inayostahili. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zinaeleza kwamba fidia si bei ya udongo tu: imo thamani ya maendelezo, posho ya usumbufu, gharama za usafiri na makazi, na faida iliyopotea. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inaihesabu fidia kuwa ya haraka ikilipwa ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe. Ikichelewa, huzaa riba. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969, na mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964.

Sheria ni nzuri, ila haijiandiki yenyewe daftarini. Mthamini ajaye Ufipa mwezi Agosti, matuta yakiwa yamekauka, aweza kuandika "ardhi tupu" mahali ambapo familia imezika jasho la msimu mzima. Mthamini anayeuliza "Mwenye shamba ni nani?" na kuridhika na jina la mwanamume wa kwanza kusimama, aweza kumfuta mjane anayelima hapo kwa miaka 20, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji inazitangua mila zinazomnyima mwanamke haki ya ardhi. Mkutano unaoitishwa wakati wa kuvuna utahudhuriwa na wasio na mavuno. Haya yote yaweza kutendeka bila mwizi hata mmoja kuwapo. Haraka peke yake yatosha kuyatenda.

Kwa hiyo kazi ya kulinda haki huanza kabla ya mnara wa kwanza kusimama. Hesabu isomwe hadharani katika mkutano wa kijiji, kwa lugha ambayo bibi anaielewa. Majina ya mume na mke yaandikwe yote mawili. Picha ya kila shamba na kila mti ibaki na mwenyewe. Malipo yatangulie, katapila lifuate. Na pawepo mahali karibu pa kupeleka malalamiko, maana anayedai fidia ya miembe miwili hawezi kuuza mwembe wa tatu apate nauli ya kumfuata wakili mjini. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa uliweka kanuni elekezi zinazosema hayo hayo kwa ufupi: Serikali ilinde haki za watu, kampuni iziheshimu, na aliyedhulumiwa apate nafuu. Hapa nchini, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ina mamlaka ya kupokea malalamiko.

Asiyeamini kwamba jambo hili lina uzito na atazame kwa majirani zetu Kenya. Huko Kinangop, nchi ya baridi na ya wakulima kama Ufipa, mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya mgogoro na wananchi juu ya ardhi. Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo ilisimamishwa na ikazalisha umeme. Hata hivyo, mwaka 2021 mahakama ilitamka kwamba hati za ardhi yake hazikupatikana kwa kufuata sheria. Walioona kumwuliza mwananchi ni kupoteza muda waligundua kwamba kutomwuliza hupoteza muda zaidi, na fedha nyingi juu yake.

Aliye chini ya nyaya

Liko jambo jingine linalomwuma mwanakijiji kuliko fidia. Nyaya nene hupita juu ya paa lake, naye usiku anawasha kibatari. Mafundi husema kweli: umeme wa kilovolti 400 hauwezi kuingizwa nyumbani, sharti upozwe kwenye kituo, ushushwe tena kwenye transfoma, ndipo uwashe taa. Ni sawa na barabara kuu isiyo na kituo kijijini kwako. Lakini kweli hiyo isielezwe kama mlango uliofungwa. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 kwa ajili ya watu kama hawa, na mpango wa njia kubwa ukienda pamoja na mpango wa njia ndogo za vijijini, aliyetoa shamba lake ataona kwamba naye amehesabiwa.

Nasi wa mjini tumo katika hesabu hiyo. Gridi ni kama kisima cha pamoja: wote waliounganishwa nayo huchota humo humo. Baba anapowasha redio, na mama anapopiga pasi sare za shule, familia hiyo imesimama kidogo juu ya tuta la mtu fulani aliye mbali. Mfanyakazi anayejua uchungu wa kukatwa mshahara bila maelezo hatashindwa kuelewa uchungu wa kukatwa shamba bila maelezo.

Tulipoondoka, ukungu ulikuwa bado umeilalia Sumbawanga, na wanawake walikwisha kushika njia ya mashambani, majembe begani. Tulilikumbuka jina la mji. Zamani mgeni aliambiwa aache uchawi wake nje. Mgeni wa leo huja na ramani, mkataba na daftari. Naye aambiwe vivyo hivyo. Aache nje siri yake, afungue daftari mbele ya watu, na asome kwa sauti alichokiandika. Kisha amwulize bibi mwenye jembe kama kuna kilichosahauliwa.