Zimeni Kwanza Hiyo Simu



Sisi ndugu wawili, mafundi cherehani, tulifunga duka siku nne tukaenda Pemba kumrekodi bibi yetu. Tulijipanga kweli: daftari jipya, maswali ishirini, simu imejaa chaji. Tukamwambia, "Bibi, tusimulie maisha yako."

"Maisha gani? Nimezaa, nimelea, nimezeeka. Mmeshakula?"

Basi daftari likafungwa.

Kesho yake tulikaa naye mkekani akisuka ukili. Tukatoa kanga kuukuu sandukuni mwake, tukamuuliza nani aliyeshona pindo lile kwa mkono (sisi macho yetu huanzia kwenye pindo siku zote). Hapo ndipo alipofunguka. Kanga ile aliinunua kwa fedha yake mwenyewe ya karafuu, mwaka aliomzaa mama yetu. Akatueleza walivyolipwa kwa pishi, na juu ya mpimaji mmoja ambaye pishi yake haikujaa hata siku moja, mpaka wanawake wakakataa kumpelekea. Tarehe hana. Yeye huhesabu kwa misimu ya karafuu, na kwa kabla na baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo dada, ukienda kwa mkubwa wako, anza na kitu cha kushika mkononi.

Siti binti Saad aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert, ndiyo maana hata sisi tuliozaliwa juzi tunamjua. Bibi zetu wasioimba wanatusubiri sisi.

Kisha Bibi akasema, "Zimeni kwanza hiyo simu."

Tukazima. Akatueleza jambo la ndoa yake ya kwanza, ambalo hata mama yetu halijui. Hapa hatuliandiki.

Usiku tuligombana kwa kunong'ona. Mmoja wetu alitaka liingie daftarini, maana Bibi akiondoka nalo ndiyo limekwenda. Mwingine akasema hiyo ni sitara ya mtu mzima, tusiiguse. Baada ya alfajiri tukaona tumuulize mwenyewe. Alinyamaza mpaka chai ikapoa.

"Muandikieni mama yenu. Asome nikishakufa."

Tumeuandika ukurasa ule, tukaukunja, tukaushona kwa uzi mweusi. Daftari liko kwenye droo ya cherehani. Mama huja dukani kila Ijumaa, na kiti anachokipenda kiko hapo hapo pembeni.