Okapi wa Msitu wa Ituri

Ukitoka Kisangani kwenda Mambasa utapita Epulu, mahali barabara inapouvuka mto wenye jina hilo, katikati ya msitu wa Ituri. Hapo jua halifiki chini ila vipande vipande: mchirizi mweupe juu ya jani, kisha kivuli, kisha mchirizi tena.

Katika nuru ya namna hiyo hukaa okapi. Muumba amemvika manyoya ya kahawia, kama majani makavu yaliyolowa mvua. Bali mapajani na miguuni ana milia myeupe. Mgeni humdhania ndugu wa punda milia, kumbe ni wa jamaa ya twiga! Akisimama kimya, milia ile huvunja umbo lake, na chui aweza kupita asione mnyama. Wataalamu wa Ulaya hawakumpa jina lao mpaka mwaka 1901; Wambuti walimjua tangu kale.

Mtoto wake hujificha zaidi. Kwa majuma kadhaa hulala kichakani, wala hatoi mavi, harufu isije ikamwita adui. Mama huenda kula, akarudi kumnyonyesha.

Lakini mtego wa waya hauna macho ya kudanganywa. Hifadhi ya okapi iliwekwa mwaka 1992, na bado majangili huingia. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha waliivamia Epulu, wakaua watu kadhaa. Tena okapi 14 waliotunzwa kituoni wakafa. Hao walikuwa ndani ya ua, ambamo rangi yao haikuwafaa kitu.