Barua ya Kuondoka Kazini

Katika karatasi zote ambazo mwajiri humwandikia mtumishi wake, iliyodharauliwa kuliko zote kwa miaka mingi ilikuwa ile ya mwisho. Barua ya kuajiriwa ilisomwa mbele ya jamaa na kuhifadhiwa sandukuni pamoja na cheti cha kuzaliwa, lakini barua ya kuondoka aghalabu ilikuwa mistari mitatu iliyopigwa taipu kwa haraka. Mimi niliyeingia kazi ya ukarani wa utumishi mjini Tanga mwaka 1979, nikaishika hata nikastaafu, nimeiona karatasi hii ikipanda daraja polepole, mpaka leo mstari mmoja ndani yake waweza kumpa mtu riziki ya nusu mwaka au kumnyima.

Marehemu baba yangu alikata mkonge upande wa Korogwe zama za Waingereza, na karatasi yake ya kazi ilikuwa kipande: kadi yenye nafasi za siku 30, ambayo karani wa shamba aliitia alama kwa kila siku iliyokamilika. Siku aliyougua haikutiwa alama, wala siku ambayo hakutimiza idadi ya matita aliyopangiwa, hata mwezi wa kipande ukawa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Kipande kilipojaa alilipwa ujira wake. Na akitaka kuondoka, kipande hicho kilichojaa ndicho kilichomshuhudia kwamba hakutoroka. Kwa majirani zetu wa Kenya mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa kuwa chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chake, naye alikining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha chuma, na bwana wake asipotia sahihi ya kumwachilia, alihesabiwa mtoro na kustahili mashtaka. Karatasi ya kuondoka, basi, ilianza huku kwetu kwa manufaa ya mwenye shamba, na mfanyakazi aliibeba kwa hofu tu.

Baada ya Uhuru, mwaka 1964 ulituletea mambo mawili: mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, uliokuja kugeuzwa NSSF kwa sheria ya mwaka 1997, na sheria ya kulinda ajira, iliyoweka kamati za wafanyakazi na kumfungia mwajiri njia ya kumfukuza mtu kwa ghadhabu ya asubuhi moja. Tangu hapo sababu ya kuondoka ilipaswa kuandikwa.

Thamani ya karatasi niliifahamu kwa wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wake wa reli, bandari na posta walitawanyika, na nilipoanza kazi baadhi yao walikuwa wakipita ofisini kwetu kutafuta ajira mpya. Mmoja, jirani yetu wa Ngamiani aliyekuwa fundi wa reli, aliniletea hati yake ya utumishi ndani ya kopo la bati. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata mikunjo ikakatika, naye alikuwa ameiunga kwa nyuma na vipande vya bahasha kwa gundi ya ugali. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia sahihi mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya, baada ya usuluhishi mrefu wa Victor Umbricht wa Uswisi, lakini madai ya wazee hao yaliendelea hadi karne hii, na asiye na karatasi ya kuonyesha aliingia lini na kutoka lini hakuwa na la kushika. Tangu siku ya kopo lile sikuruhusu barua itoke mezani kwangu pasipo tarehe mbili hizo.

Miaka ya tisini, mashirika ya umma yalipobinafsishwa, watu walipunguzwa kwa makundi, na barua zilitolewa nakala kwa wingi huku nafasi ya jina ikiachwa wazi. Hata hivyo maneno ya barua hayakuwa na uzito mkubwa mbele ya mfuko wa hifadhi, maana lilikuwapo fao la kujitoa, ambalo kwalo aliyekosa kazi alichukua michango yake, awe amefukuzwa, amepunguzwa au ameacha mwenyewe. Kwa hiyo ulizuka ofisini uungwana mmoja: bwana mwenye huruma, badala ya kumwachisha mtu, alimwambia aandike barua ya kuacha kazi kwa hiari, ili jina lake lisichafuke aendako. Mimi nimeuona uungwana huo ukiwastiri wengi, na katika zama zake ulikuwa fadhila ya kweli.

Mwaka 2012 sheria za hifadhi ya jamii zilirekebishwa ili kuliondoa fao la kujitoa, na malalamiko yakawa makubwa, hasa migodini. Mwaka 2018 ikaja sheria iliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma kuwa PSSSF, nayo ikaleta, huko na katika NSSF pia, fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi kwa miezi 6, kwa mwanachama aliyechangia si chini ya miezi 18, asiyefikia umri wa miaka 55, na ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Sharti hilo la mwisho liliupindua uungwana wetu ukawa dhuluma, ilhali walio wengi katika ofisi hawakutanabahi.

Baada ya kustaafu kwangu alinijia binti mmoja, mtunza hesabu katika kampuni ya watu binafsi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akanionyesha barua iliyokwisha kupigwa chapa kwa jina lake, ikisema kwamba anaacha kazi kwa sababu za kifamilia. Iliyobaki ilikuwa sahihi yake tu. Biashara imepungua, alisema, na meneja amemwahidi mshahara wa mwezi na barua nzuri ya sifa. "Wananiambia nikitia sahihi hapa nitaondoka kwa heshima."

"Heshima hiyo, mwanangu, utailipia mwenyewe."

Hakutia sahihi. Siku ya pili akazuiwa getini, nasi tukapeleka shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 zinazotakiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlazimu anayepunguza watu kutoa taarifa na kushauriana nao kwanza, na mtu aliyesukumwa hata akaacha, kwa kuwa mwajiri ameifanya kazi isivumilike, inamhesabu kuwa ameachishwa. Katika usuluhishi meneja alikubali kuandika barua nyingine: kupunguzwa kazi kwa upungufu wa biashara, pamoja na tarehe, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia. Kwa barua ile NSSF ilimlipa. Meneja mwenyewe hakuwa mtu wa hiana. Alijifunza kazi katika miaka ya uungwana ule, na naamini alipoiandika ile barua ya kwanza alidhani anatenda wema.

Wapo waliotia sahihi kabla ya kuuliza. Karani wa mfuko ana mbele yake barua yenye mkono wao wenyewe, hana ruhusa ya kuyaamini maneno yao dhidi ya maandishi yao, nami simlaumu. Wengi huja kwangu siku 30 zikiwa zimepita. Tume inaweza kumsamehe aliyechelewa akiwa na sababu ya kuridhisha, kwa hiyo nawaambia waende hata sasa, wachukue barua ile, hati zao za mshahara, na kama yuko, mwenzao aliyekuwapo siku walipoitwa ofisini.