Kijiji Chetu cha Kimaka
Na Mwanafunzi wa Zamani

Mhariri aliponiomba niandike katika kurasa hizi za Kiswahili, nilifikiri kwanza kueleza habari za kazi yangu ya mjini. Lakini kazi yangu ni kuhesabu magunia ghalani, wala sidhani kwamba yuko mtu atakayefurahi kusoma habari za magunia. Basi nimeona afadhali niwaeleze habari za kwetu Kimaka, na jinsi nilivyokaribia kuuza njia ya watu bila kujua kwamba ni njia.

Wale waliopata kufika Jinja wanaijua Kimaka. Ukitoka mjini kwa barabara ya Bujagali, mto Nili ukiwa upande wako wa kushoto, utapita karibu na kiwanja cha ndege, na chuo cha maofisa wa jeshi. Mgeni huviona hivyo viwili akasema, "Kumbe hii ndiyo Kimaka." Lakini nyuma ya kiwanja na nyuma ya chuo kulikuwa na Kimaka nyingine, ya migomba na viazi vitamu, na mivule mikubwa ambayo chini yake wazee walikaa kuamua mashauri. Kwa sababu ya askari, na watu waliokuja kutoka kila upande kufanya kazi katika viwanda vya Jinja, sisi watoto tulijua Kiswahili kabla ya kuingia shule. Kiswahili tulisema na majirani, Kisoga tulisema na Bibi.

Zamani Wasoga waligawanya nchi yao kwa mitala. Mutala ni kijiji, na kila mutala una visoko, yaani sehemu zake ndogo. Lakini mtoto hajui habari za mitala na visoko. Yeye hujua kijiji kwa mambo yatendekayo. Nakumbuka kwamba mtu akifa, siku ile hapana aliyechukua jembe kwenda shambani. Wanaume walichimba kaburi, wanawake walileta kuni, maji na chakula, na usiku watu walilala nje kuzunguka moto pamoja na wafiwa. Hapana aliyeandika majina ya waliokuja. Hata hivyo asiyekuja alijulikana, na siku yake ilipofika aliyaona matokeo yake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Julai mwaka 2020 Jinja ilipewa cheo cha jiji, na bei ya ardhi katika vijiji vya kandokando ikazidi kupanda. Baadaye kidogo akaja mtu kwetu akitaka kununua shamba lote la marehemu Babu. Bei aliyotaja ilikuwa kubwa kuliko fedha zozote tulizopata kuziona nyumbani. Baba mkubwa akatuita sote. Alisema maneno ya kweli, wala simlaumu hata leo. Ndugu yao mdogo alikuwa amefariki na kuacha watoto wawili katika shule ya sekondari, na karo yao ya muhula ule ilikuwa haijalipwa. Shamba lilikuwa limechoka, wala hapana kijana aliyetaka kulilima.

Akanigeukia mimi, akasema, "Wewe umesoma. Tupe shauri."

Nikasimama, nikasema kama mtu aliyesoma. Nilieleza kwamba ardhi isiyolimwa ni fedha iliyolala, na kwamba watoto wakipata elimu watanunua ardhi nyingine. Kila mtu alitikisa kichwa kukubali, isipokuwa Bibi. Yeye alikuwa ameketi juu ya mkeka karibu na mlango. Hakukataa. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, pale chini ya mvule pana makaburi mangapi?"

Nikasema, "Kumi na moja, Bibi."

"Vema. Nitajie walio ndani."

Nilimtaja Babu. Nikamtaja baba mdogo. Nikamtaja dada yangu aliyekufa mtoto. Halafu nikanyamaza. Nilikuwa nimesoma historia ya wafalme wa Uingereza, na kufaulu mtihani wake, lakini katika makaburi 11 ya nyumbani nilijua matatu tu. Bibi hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Basi usiuze kwanza kitu usichokijua. Mjue aliyemo, halafu uuze ukitaka."

Tulimwomba yule mnunuzi angoje mwezi mmoja. Nilinunua daftari, nikarudi Kimaka kwa likizo yangu. Kila asubuhi Bibi alishika fimbo yake, nami daftari langu, tukatembea polepole. Alinitajia makaburi yote. Nikajifunza kwamba la mwisho upande wa mashariki lilikuwa la mwanamke asiyekuwa wa ukoo wetu kabisa. Alikuwa mgeni aliyekuja kutafuta kazi mjini, akafa kwetu, akakosa wa kumzika. Babu akampa mahali. "Ndiyo sababu majirani humwita Babu yako mtu," alisema Bibi.

Alinieleza pia kwamba watu wa kwetu hawakuanzia Kimaka, bali walitoka kusini, karibu na ziwa. Hapo nikaelewa habari niliyosoma zamani darasani bila kuitia moyoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, na pwani ya Busoga iliumia sana. Serikali ya Waingereza ikawaondoa watu waliosalia kandokando ya ziwa, na vijiji vikawa mwitu. Watu walioondoka vile hawakuweza kubeba nyumba zao. Walibeba majina ya koo zao na majina ya mahali, na kwa hayo wakatambuana walikohamia.

Nikaanza kuona kwamba jina ni ghala. Karibu nasi kuna kilima kiitwacho Mpumudde, maana yake "nimepumzika". Kabalega, Mukama wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza, alikamatwa mwaka 1899 akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Ushelisheli. Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi, lakini hakufika kwao. Alifia hapo Mpumudde, akachukuliwa kwenda kuzikwa Mparo. Wazee husema kilima kilipata jina lake kwa habari hiyo. Na Jinja yenyewe ni jina la mawe, yale yaliyokuwa penye maporomoko pale mto unapotoka ziwani. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na maporomoko hayo yakatoweka chini ya maji. Jina lingali juu.

Lakini majina peke yake hayatoshi. Jumapili moja nilitembea kwa miguu mpaka Bujagali, mahali nilipocheza nikiwa mtoto. Wakubwa wanakumbuka kelele za maporomoko yale. Sasa ni maji mapana yaliyotulia, kwa sababu ya bwawa la umeme lililokamilika mwaka 2012, lenye nguvu ya megawati 250. Sisemi kwamba umeme ni mbaya. Hata taa ninayoandikia yatokana na mto huo. Lakini nilikaa pale nikafikiri. Kabla ya ujenzi, ibada zilifanywa ili kuihamisha roho ambayo watu wa mto huiheshimu, na mlinzi wake mashuhuri, Nabamba Budhagali, hakukubali kwamba yaweza kuhamishwa. Watu waliokaa ng'ambo ya magharibi walihamishiwa Naminya, wakajengewa nyumba huko. Mwenye kuamini na aamini, na asiyeamini asiamini, lakini swali la yule mzee latuhusu sote: katika kijiji, ni kipi kiwezacho kuhamishwa, na ni kipi kisichoweza? Nyumba hujengwa tena. Fundi wa kujenga ujirani sijamwona.

Nikakumbuka pia habari za Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Zamani waliishi katika kaya, vijiji vilivyofichwa ndani ya msitu mnene. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamekwisha kuzihama. Hata hivyo wazee walishika miiko yao kwamba mti wa kaya usikatwe ovyo, na makaburi yasichezewe. Kaya nyingine zimeliwa na majembe na majengo, lakini nyingine zingalipo, na mwaka 2008 UNESCO ilizitia katika orodha ya urithi wa dunia. Tazameni ajabu hii. Kijiji kisicho na mtu hata mmoja ndani yake kimehifadhiwa, kwa sababu walio nje wangali wakiona kwamba wanawajibika. Na kijiji kilichojaa watu chaweza kufa mchana kweupe, kila mtu akiwa ndani ya ua wake.

Siku za mwisho za likizo nilichora ramani ya shamba katika daftari. Nilipokwisha kuchora nyumba, mvule, makaburi na mipaka, Bibi alitazama akasema, "Umesahau njia." Kweli, katikati ya shamba letu kulikuwa na kijia kilichotoka barabarani, kikapita karibu na makaburi, kikashuka mpaka kisimani. Mimi nilikiona kama mahali palipokanyagwa tu. Bibi akanitajia nyumba moja moja za watu wanaokitumia. Bomba la maji likikauka, nusu ya kijiji hupita hapo na madumu. Watoto hupita wakienda shule. Na familia nne za nyuma hazina njia nyingine ya kutolea maiti wao. Babu hakuandika popote kwamba ni njia. Aliacha tu watu wapite, miaka yote. Yule mnunuzi naye alikuwa ametuambia siku ya kwanza kwamba atajenga ukuta pande zote nne.

Tulikutana tena. Safari hii sikusimama kama mtu aliyesoma, bali nilifungua daftari. Baba mkubwa alikasirika, akaniuliza kama karo italipwa kwa daftari. Lilikuwa swali la haki, maana mvule mmoja wa shamba lile lile ulikatwa zamani na kuuzwa ili mimi nilipiwe karo katika shule hii. Nani angenilipia mimi, halafu awanyime watoto hawa? Tulibishana mpaka jioni. Mwisho tukapatana kuuza sehemu ya chini tu, na kubakiza makaburi, mvule uliosalia, na njia. Tulipoulizwa upana wa njia, Bibi alijibu kabla yetu. "Iwe upana wa jeneza, na watu wa kulichukua huku na huku." Ikapimwa, ikawa futi 8. Maneno hayo yaliandikwa katika mapatano, mwenyekiti wa kijiji akatia mhuri, na majirani wawili wakatia sahihi kama mashahidi.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba kila mtu alifurahi. Fedha tulizopata zilikuwa chini ya nusu ya zile za kwanza. Watoto wote wawili walilipiwa, lakini kwa mwaka mmoja na muhula mmoja tu, na tangu hapo mimi hukatwa mshahara kila mwezi kwa ajili yao. Baba mkubwa hakusema nami kwa muda mrefu. Sehemu ya chini, mahali pa viazi vya Bibi, sasa ina ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake.

Mwaka uliofuata Bibi alifariki. Nilipofika nilikuta moto umekwisha kuwashwa, na kuni zimerundikwa, na watu nisiowajua wakichota maji. Zile familia nne za nyuma ndizo zilizochimba kaburi. Tulimchukua Bibi kwa njia ile, watu huku na huku, na mabega yetu hayakugusa ukuta. Baba mkubwa alikuwa mbele upande wa kulia, mimi upande wa kushoto. Tulipokwisha kumweka chini alinishika mkono, akasema, "Liandike la kumi na mbili." Tangu siku ile tunasema kama zamani.

Basi, vijana mnaosoma sasa, nawapa kazi ndogo ya likizo, isiyohitaji fedha wala ruhusa ya serikali. Chukueni daftari, mkakae na mzee mmoja angali hai. Andikeni makaburi, visima, njia, na majina ya mahali pamoja na sababu zake. Nanyi wanafunzi wa zamani wenzangu, ambao siku hizi ndio tunaoulizwa shauri kwa sababu tumesoma, tusisimame upesi kutoa shauri. Tuulize kwanza ni nani hupita hapo.

Daftari langu ninalo hapa mezani, juu ya hesabu za magunia. Nimeacha kurasa tupu mwishoni.