Rangi ya Buluu Ndani ya Motokari



Paruasi yetu hapa Baraka ina motokari moja ya zamani, Land Rover Series III, namna ile iliyotengenezwa Uingereza tangu 1971 mpaka 1985. Land Rover zilizotangulia zilikuwa na tablo ya chuma, saa zake katikati. Hii ikaletewa tablo ya plastiki nyeusi, saa mbele ya shofere. Sasa mtu fulani wa zamani aliipaka plastiki yetu rangi ya buluu ya milango ya nyumba! Jua likaibandua magamba magamba. Wamama wakienda Fizi kwenye mkutano wanashuka na buluu kwenye vitenge.

Nikapatana na kijana mmoja wa kwaya, fundi, kwa dola 20. Akaleta mafuta ya freni. Akasema, “Pasta, plastiki si chuma. Nipe siku tatu.” Lakini wageni walikuwa wanafika Jumapili. Nikaenda sokoni mwenyewe, nikanunua diluanti, nikamwambia aipake. Alinikatalia mara mbili, kwa heshima. Nikapandisha sauti: “Mwanangu, nani mkubwa hapa?”

Rangi ilitoka mara moja. Nikafurahi. Kumbe plastiki nayo inatoka! Ikawa laini kama bukari, nyuzi za kitambaa zikanasa ndani. Diluanti nyingi zina asetoni, na asetoni inayeyusha plastiki ya namna hii. (Dada zetu, hata ile ya kufutia rangi ya kucha, muiweke mbali na vitu vya plastiki.)

Mbele ya mashemasi nilisema, “Fundi ameharibu.” Tukamkata pesa yote. Yeye alinyamaza tu. Juma lililofuata akaenda Misisi kuchimba dhahabu. Mama yake akamwambia mke wangu kwamba zile dola zilikuwa za Egzameni ya Serikali.

Siku zile nilikuwa natayarisha hubiri juu ya Yakobo sura ya 5, habari ya mshahara wa wafanya kazi. Nilishindwa kuliandika. Nikawaita mashemasi, nikawaambia kweli. Mmoja akajibu, “Tulijua, Pasta.” Neno hilo liliniuma kuliko yote.

Nikapanda piki-piki mpaka Misisi. Nilimkuta ndani ya matope mpaka magotini, amekonda. Nikamwomba msamaha pale pale mbele ya wenzake, nikampa dola 20. Alizihesabu, akasema asante. Kisha akauliza, “Ile plastiki ya upande wa abiria, umeigusa?”

“Bado.”

“Usiiguse.”

Mwisho wa mwezi alikuja. Kwanza alijaribu mafuta ya freni nyuma, fasi isiyoonekana. Akavaa glovu, maana yanawasha ngozi. Akapaka, akangoja, akatazama kila mara, asiyaache yakae sana. Rangi ilipojikunja akaikwangua na kipande cha mwanzi, si kisu, akaosha na sabuni na maji ya vuguvugu. Maji yanayochemka yanapinda plastiki. Akarudia mara tatu. Nyeusi ikatokea safi, hata alama ndogo za kiwandani zikaonekana.

Upande wa shofere bado una kovu langu. Kijana alilipa egzameni. Kwenye kwaya hajarudi.