Anayekukataza Kumwambia Mamako

Kwa mpwa wangu Rashidi,

Nina neno nawe.

Nasikia tangu ukose kazi huko Malindi unakesha na simu. Sikulaumu. Kijana akiwa na cheti kisha hana ajira, na kila akitoka askari wamdai kitambulisho, moyo huchoka. Lakini wapo watu kazi yao ni kuwasaka waliochoka hivyo.

Huanza kwa wema. Umelalamika Facebook, mara mtu usiyemjua anakuandikia: "Pole ndugu yangu, nakuelewa." Kesho anakutumia kredo. Baadaye anakuhamishia Telegram, muwe wawili tu. Huko anakumiminia video za Waislamu waliouawa, hasemi ni za wapi wala za lini. Kisha anakwambia imamu wa mtaani ni mwoga, na marafiki zako wamepotea. Mwisho inakuja nauli ya kwenda kujiunga na magaidi, na sharti moja: usimwambie mamako.

Usidhani hunaswa wajinga tu. Magaidi wa Al-Shabaab walianza mwaka 2012 kusambaza mtandaoni jarida la Kiswahili, Gaidi Mtaani, wakitulenga sisi. Na miongoni mwa watu wao waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wakaua watu 148, alikuwemo kijana aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Babake, chifu wa Mandera, alikuwa ameshapiga ripoti kwamba mwanawe haonekani. Mzee wa watu alimtafuta mwanawe, akaja kumpata katika habari za mauaji.

Kwa hiyo mwanangu, shika hili: anayekutakia heri haogopi kujulikana na mamako. Ukiambiwa ufiche, usibishane naye kwa dini wala kwa siasa, maana amejiandaa kukushinda. Acha kumjibu, uniletee huo ujumbe niusome, au umwonyeshe ustadhi wako. Mficha uchi hazai.

Na kama askari wamekuonea, hilo pia usilimeze. Tutakwenda pamoja kwa shirika la haki za binadamu la Haki Africa, Mombasa, tukaandikishe malalamiko kwa jina lako na mchana kweupe.

Hata kama umeshapokea pesa zao, hata kama uko stendi na tiketi mkononi, nipigie. Sitakugombeza. Nitakuja kukuchukua.

Ni mimi mjomba wako,
Athumani